Barua ya wazi: Nyufa za matangi na mitungi ya presha Kigoma zipimwe kabla ya kuchomelewa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Kwa viongozi wa OSHA (usalama mahali pa kazi), EWURA (nishati na maji) na TASAC (usafiri wa meli) wanaosimamia mkoa wetu. Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa.

YAH: OMBI LA KUPIMWA NYUFA KATIKA VYOMBO VYA CHUMA CHEMBAMBA

Waheshimiwa,

Natanguliza heshima. Mimi ni fundi wa vyuma, nimestaafu, naishi Mwanga. Kazi yangu ilikuwa mabamba yaliyopinda: matangi, boila, mitungi ya upepo, mbavu za meli. Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Liko barabarani, bandarini, relini na kwenye vituo vya afya, na watu wanapita karibu nalo kila siku bila kujua.

Ombi langu ni hili. Katika mkoa huu, ufa wowote utakaoonekana kwenye chombo cha chuma chembamba kilichopinda, uwe wa mtungi wa kompresa, boila, tangi la mafuta, behewa la mafuta au ubavu wa meli, upimwe na mtu mwenye ujuzi na vifaa kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, na vipimo viandikwe. Hivi sasa ufa ukionekana anaitwa fundi aliye karibu, anaufunika kwa mshono, rangi inapakwa juu, na chombo kinarudi kazini siku hiyo hiyo. Hakuna anayejua ufa ulikuwa na urefu gani, ulielekea wapi, wala bamba lilikuwa limebaki na unene gani. Mshono ukipoa, ushahidi wote uko chini yake.

Nieleze kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi, na naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa kuwa hatari yenyewe imejificha kwenye hesabu.

Chukua mtungi wa upepo wa kawaida wa kibanda cha pancha: kipenyo sentimita 50, unene wa bamba milimita 5, presha bar 10, yaani megapaskali 1 (megapaskali ni kipimo cha presha na mkazo). Zidisha presha kwa nusu kipenyo, gawa kwa unene, unapata mkazo unaovuta bamba kuzunguka mtungi: megapaskali 50. Chuma cha kawaida cha mabamba huanza kulegea kwenye megapaskali 250 hivi. Mwenye mtungi akiambiwa hayo atasema chuma chake kina nguvu mara 5 ya mzigo, hofu ya nini? Ila hesabu hiyo ni ya bamba zima, lisilo na ufa. Na hapo hapo kuna jambo la pili: mkazo unaotaka kuupasua mtungi kwa urefu ni mara 2 ya ule unaotaka kuukata kati. Ndiyo maana ufa unaolala kwa urefu wa mtungi ndio wa kuogopwa kuliko ule unaozunguka.

Mwaka 1913 mhandisi Charles Inglis wa Uingereza aliwaonyesha wahandisi wa meli kinachotokea bamba likiwa na tundu. Tundu la duara hupandisha mkazo ukingoni mwake mara 3. Tundu la umbo la yai, lenye urefu mara 10 ya upana wake na lililokaa kukingama na mvuto, huupandisha mara 21. Ufa ni tundu lililobanwa mpaka upana wake hauonekani, kwa hiyo ncha yake ni kali kuliko yai lolote. Mkazo wa megapaskali 50 ulioonekana mdogo, ukifika kwenye ncha ile unakuwa mwingine kabisa. Mwaka huo huo wa 1913, huko Papenburg, Ujerumani, ilikuwa inajengwa meli ambayo leo tunaiita Liemba. Nitairudia.

Inglis alizungumzia bamba tambarare. Chombo kilichopinda kina tabia yake. Mtaalamu wa nyufa, E. S. Folias, aliifanyia hesabu katika miaka ya 1960, na kanuni iliyotokana na kazi ile inatumika mpaka leo kwa mabomba na vyombo vya presha. Presha ya ndani, inapokuta ufa kwenye ukuta uliopinda, husukuma midomo ya ufa itokeze nje. Kila mwendesha baiskeli wa hapa kwetu ameona tairi lililochanika kidogo na tyubu ikichungulia pale: tyubu inavyozidi kutokeza, ndivyo mchaniko unavyopanuka. Chuma nacho hufanya hivyo, kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Midomo ikitokeza, bamba pale kwenye ncha linavutwa na kupindwa kwa wakati mmoja.

Kiasi gani? Hapa ndipo penye utamu wa hesabu na penye uchungu wake. Kipimo ni urefu wa ufa ukilinganishwa na kipeuo cha pili cha nusu kipenyo mara unene. Kwa mtungi wetu, milimita 250 mara milimita 5, kipeuo chake cha pili ni milimita 35. Ufa wa sentimita 10 uliolala kwa urefu, ambao nusu yake ni milimita 50, umeshaupita urefu huo. Ukifuata kanuni, ukali wake unatoka mara 2.05 ya ufa wa urefu ule ule kwenye bamba tambarare. Kwa hiyo fundi aliyezoea kuchomelea mageti na madirisha, akiutazama ufa wa mtungi kwa jicho la geti, ameukadiria nusu tu ya ulivyo.

Sasa ongeza kutu. Tuseme bamba la milimita 5 limeliwa mpaka milimita 2.5. Mkazo wa kawaida unakuwa megapaskali 100. Lakini kutokeza kwa midomo nako kunazidi, kwa sababu bamba jembamba hupindika kwa wepesi: sasa ni mara 2.73. Ukizidisha yote mawili, ufa ule ule wa sentimita 10, bila kurefuka hata kidogo, umekuwa mkali zaidi ya mara 2.6 ya ulivyokuwa kabla ya kutu. Na ufa hukua kila presha inapopanda na kushuka. Kwa chuma cha kawaida, kasi ya kukua hufuata ukali huo ukizidishwa kwa wenyewe mara 3 hivi. Mara 2.66 kwa mara 2.66 kwa mara 2.66 ni karibu 19. Kompresa ya pancha hujaza, hukata, hujaza tena, kutwa nzima.

Kutu hiyo naijua inapokaa. Hewa ya Kigoma ina unyevu, na kompresa ikiisindilia, maji hujitenga na kutulia tumboni mwa mtungi. Kuna kizibo chini kwa ajili ya kuyatoa. Fungua vizibo vya mitungi ya mjini hapa uone: mingi imeganda haifunguki, na inayofunguka hutoa maji mekundu mazito kama ya udongo wa kilimani. Mtungi kwa nje unang'aa kwa rangi ya buluu, kwa chini ndani umeshaliwa. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia juu ukishuka. Juu chuma kinalia, chini kinaguna.

Kwenye kibanda kimoja njia ya kuelekea Gungu nilikuta mtungi wenye kiraka cha mraba, na juu ya kona ya kiraka hicho kiraka kingine kidogo. Kona ya mraba ni mahali pa kuzalia ufa. Kiraka chochote kwenye chombo cha presha hukatwa kwa kona za mviringo, na hilo Inglis alishalisema. Kijana wa pale, mtu mwenye adabu na mchapakazi, aliniambia, "Mzee wangu, hii tulichomelea juzi juzi tu, imerudi tena." Nikamwambia, "Haijarudi, mwanangu. Haikuondoka." Niliomba afungulie upepo wote kwanza, nikasugua rangi pale kwenye kona mpaka chuma kikawa cheupe. Nikapaka mafuta ya taa, tukasubiri, nikafuta pakavu kabisa, kisha nikapaka chaki iliyosagwa. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kupanda kwenye chaki, na mstari mweusi ukajichora wenyewe. Kwa macho tulikuwa tunaona ufa wenye urefu wa vidole vitatu. Chaki ilionyesha vitano. Vidole viwili vya mbele vilikuwa chini ya rangi na chini ya mshono wa juzi, na vililala kwa urefu wa mtungi. Mtoto mdogo alikuwa amekaa juu ya mtungi huo huo kabla sijafika, anakula muhogo wa kuchoma.

Chaki na mafuta ya taa havigharimu hata bei ya mchele kilo moja. Havioni ufa ulio upande wa ndani, wala havipimi unene. Kwa hayo kuna kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachotuma mawimbi ya sauti ndani ya chuma na kusoma unene kutoka upande mmoja, bila kutoboa wala kufungua chombo. Kuna pia rangi nyekundu ya kupenya na poda yake nyeupe, inayofanya kazi ile ile ya chaki kwa uhakika mkubwa zaidi. Naomba vifaa hivi viwepo Kigoma, kwenye ofisi yenye mlango wa kugonga, na mtu aliyefunzwa kuvitumia. Mwenye kibanda hawezi kusafirisha mtungi kwa treni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam ukapimwe.

Na msitoze faini kwa anayeuleta mtungi wake mwenyewe. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona woga unavyofanya kazi. Mtu akijua kwamba ufa ukionekana atafungiwa na kutozwa, ataufunika kwa rangi asubuhi ya ukaguzi. Wapeni muda wa kuleta vyombo bure, pimeni, kataeni vilivyokufa, na halmashauri itumie mikopo yake ya vijana kuwasaidia wanaopoteza mtungi kununua mwingine. Baada ya hapo ndipo sheria ibane.

Mtaniuliza mbona nasema mitungi midogo wakati kuna matangi makubwa. Nayo nayasema, na hapa inabidi niwe mkweli kuhusu hesabu, maana mtu akitisha watu kwa jambo lisilokuwepo anaharibu lililopo. Tangi la mafuta lenye nusu kipenyo mita 10 na bamba la milimita 8 lina kipeuo cha milimita 283. Ufa wa sentimita 10 kwenye tangi hilo ni mdogo ukilinganisha na mpindo wake, na kutokeza kwa midomo kunauongezea asilimia 2 au 3 tu. Mpindo hapo si adui mkubwa. Adui ni wingi wa kilichomo, umri wa chuma na historia ya bamba lenyewe.

Tarehe 2 Januari 1988, huko Floreffe, Pennsylvania, Marekani, tangi la dizeli lilipasuka kutoka chini hadi juu likiwa linajazwa. Lilikuwa na zaidi ya lita milioni 14. Chuma chake kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40: tangi lilikuwa limesimama mahali pengine, likakatwa, likasafirishwa, likaunganishwa upya. Kwenye bamba moja kulikuwa na kasoro ndogo ya zamani, ya tangu kabla ya kuhamishwa, karibu na mshono. Kabla ya kutiwa mafuta halikujazwa maji hadi juu kupimwa kama inavyotakiwa. Zaidi ya lita milioni 2.5 ziliingia mto Monongahela, na watu wapatao milioni moja wakapata shida ya maji ya kunywa. Siku ile ilikuwa ya baridi, na baridi hukifanya chuma cha aina ile kuwa kikavu, chepesi kuvunjika. Sisi hatuna baridi hiyo. Lakini tuna matangi ya mitumba, tuna mabamba yaliyokatwa kwa gesi na kuunganishwa tena, na chini yetu tuna Ziwa Tanganyika.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Mto unaotoa maji yake ni mmoja, Lukuga, ng'ambo ya Kongo. Kinachomwagika humo kinakaa. Maji ya mji wetu yanavutwa humo, dagaa na migebuka vinatoka humo, na mafuta ya nchi zaidi ya moja yanapakiwa na kushushwa ukingoni mwake. Kwa hiyo naomba kanuni moja isiyo na mlango wa nyuma: tangi lolote lililowahi kusimama mahali pengine, au lililobadilishwa bamba, lisitiwe mafuta Kigoma kabla ya kujazwa maji mpaka juu na kuachwa lisimame huku mkaguzi akitazama kila mshono, tena kipimo chenyewe kiwekewe kumbukumbu yenye tarehe na sahihi. Maji ni mazito kuliko dizeli. Tangi likiyabeba, dizeli litaibeba. Likishindwa, tutakuwa tumelowa miguu tu.

Kupima kwa maji ndiko kunakotakiwa pia kwa mitungi na boila, na hapa nawasihi mpige marufuku kabisa tabia ya kupima mshono mpya kwa kupandisha upepo na kupaka povu la sabuni. Povu linaonyesha panapovuja. Halisemi chochote kuhusu panapokaribia kupasuka. Na hewa iliyosindiliwa ina nguvu nyingi iliyohifadhiwa ndani: mtungi ukipasuka kwa upepo, vipande vinaruka. Maji hayasindiliki, kwa hiyo bamba likifunguka presha inashuka papo hapo. Jaza maji, toa hewa yote, pandisha hadi mara 1.3 au 1.5 ya presha ya kazi kwa mujibu wa kanuni inayotumika, kaa kando, subiri.

Waingereza walijua thamani ya maji walipokuwa wanatafuta kilichoangusha ndege zao za abiria za Comet. Mbili zilivunjika angani mwaka 1954, moja Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine Aprili karibu na Naples. Mwili wa ndege nao ni ganda jembamba lililopinda, lenye presha ndani. Walichukua ndege nyingine ya aina hiyo, wakaizamisha kwenye tangi la maji huko Farnborough, wakapandisha na kushusha presha kana kwamba inapaa na kutua. Ilipasuka ikiwa imefikisha mizunguko 3,057, ukijumlisha na safari zake za kweli, na ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya maji, vipande havikutawanyika na chanzo kilisomeka. Ndege ile ilikuwa mpya machoni. Uchovu wa chuma hausubiri uzee, unahesabu mizunguko.

Vivyo hivyo kwa malori ya mafuta yanayopita Kasulu na Kibondo. Nyufa zake mara nyingi huanzia pale tangi linapokaa kwenye chasisi, kwenye viatu vya kulishikia, kwa sababu bamba jembamba linakutana na kitu kigumu na barabara inalitikisa. Dereva huona unyevu mdogo, hupaka sabuni ya mche, husafiri. Sabuni inaziba harufu. Naomba wakaguzi wa magari wafundishwe kupiga tochi mahali hapo hapo, chini, kwenye viatu.

Sasa Liemba. Ilijengwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makreti, ikaja Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mabamba yake yameshikwa kwa riveti. Faida moja ya riveti, ambayo vijana wa siku hizi hawafundishwi, ni kwamba ufa ukikimbia kwenye bamba unafika ukingoni na kukoma: bamba la pili ni kitu kingine. Mshono wa kuchomelea unaunganisha mabamba yawe kitu kimoja, na ufa unapita. Wamarekani walijifunza hilo kwenye Vita vya Pili vya Dunia walipojenga kwa haraka meli za kuchomelea. Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilikatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia. Baadaye walilazimika kuviringisha kona za milango ya sitaha na kuweka mikanda ya riveti ya kuuzuia ufa. Kwa hiyo kila mara bamba la riveti kwenye meli ya zamani linapobadilishwa kwa bamba la kuchomelea, pawepo mchoro unaoonyesha ufa ukizaliwa hapo utasimamia wapi. Hilo liwe sharti kwenye kibali cha ukarabati wa meli yoyote ya ziwa hili, na maboti ya chuma pia.

Kwa mafundi, naomba chuo cha ufundi cha VETA Kigoma waongeze somo fupi la jioni kwa wale waliokwisha kuwa kazini. Yatoshe mambo ya mkono: kutafuta ncha ya kweli ya ufa, kutoboa tundu mbele ya ncha ili usikimbie wakati wa kusaga, kusaga mpaka ufa wote utoke na kupima tena kwamba umetoka, kukausha rodi kwenye oveni kabla ya kuzitumia kwa sababu rodi zenye unyevu huzaa nyufa mpya ndani ya mshono, kuviringisha kona za kiraka, na kupima kwa maji. Na zaidi ya yote wafundishwe kukataa kazi. Tundu la drili peke yake si tiba. Bamba lililoliwa na kutu halichomelewi, linatupwa. Fundi akiwa na karatasi ya kumwonyesha mwenye mali kwamba kanuni inamkataza, anaweza kusema hapana bila kupoteza mteja kwa jirani yake.

Vituo vya afya navyo nisivisahau. Mashine za kutakasa vifaa kwa mvuke ni vyombo vya presha, na zina mlango unaofunguliwa na kufungwa kila siku. Nesi ndiye anayesimama mbele yake. Zimo kwenye kazi ya OSHA kama boila zilivyo. Naomba zipewe kipaumbele hasa za vijijini.

Mwisho, pawe na mahali pa kusema. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Aloha Airlines ilipoteza sehemu kubwa ya paa ikiwa angani huko Hawaii, baada ya safari karibu 90,000 fupi fupi kwenye hewa ya chumvi. Nyufa ndogo nyingi kwenye mstari mmoja wa riveti ziliungana. Mhudumu mmoja alivutwa nje akapotea. Wachunguzi walipohoji, abiria mmoja alisema aliuona ufa ubavuni wakati anapanda, na hakumwambia mtu. Hapa Kigoma mpagazi wa bandarini, kuli wa reli, mvuvi wa Kibirizi anayepita chini ya meli kwa mtumbwi, wote wana macho. Wapeni namba moja ya simu isiyolipiwa, ibandikwe kwenye gati, stesheni na stendi, na atakayepiga asiulizwe yeye ni nani.

Naomba jibu la maandishi kwa ofisi zote nilizozitaja. Niko tayari kuja na chaki, mafuta ya taa na nyundo yangu kuwaonyesha mafundi siku yoyote mtakayopanga, bila malipo. Kama itawafaa, tuanze na vibanda vya pancha kutoka Mwanga kwenda Gungu, kisha tushuke bandarini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa vyuma mstaafu,
Mwanga, Kigoma.